Deni na Ughali wa Maisha: Nani Alipwe Kwanza?

Katika darasa yetu ya baada ya Isha tuliulizwa swali na mmoja wa ndugu zetu, na swali lenyewe tumeliona kuwa ni la watu wengi, hata tukaonelea bora tulijibu kwa maandishi kuliko kulijibu kwa maneno ya mlangoni mwa msikiti, ambayo mtu huyasahau akivaa viatu vyake. Ndugu huyo ni mfanyi kazi wa mshahara, ana mke na watoto wanne, na mama yake mzazi yu chini ya ulezi wake. Mapema katika mwaka 2022 alikopa shilingi 60,000 kwa jirani yake mchuuzi wa samaki ili amtibie mama huyo, na ahadi yao ilikuwa ni mwaka mmoja. Mwaka ukapita, na wa pili, na wa tatu, na mpaka siku aliyotujia alikuwa amelipa 15,000 tu. Akatuuliza: "Pato langu ni lile lile, na kila kitu cha nyumbani kimepanda. Je, nina dhambi kwa kuchelewesha, na hali ninaowalisha ni mama yangu na wanangu?"

Tulikuwa karibu kumjibu upesi kwamba hana dhambi, kwa sababu Qurani katika Suratul Baqara, aya ya 280, imeamrisha mdeni mwenye dhiki apewe muhula mpaka atakapopata wasaa. Lakini mzee mmoja katika darasa alimtangulia kwa swali dogo. Alimwuliza: "Katika miaka hii, bwana, ni nani uliyemlipa kwa wakati wake?" Ndugu yetu akahesabu kwa vidole: mwenye nyumba, mkopo wa simu, stima, karo ya skuli, na televisheni ya kulipia. Mzee akasema: "Basi umemlipa kila awezaye kukufungia kitu, na umemwacha yule asiyeweza."

Maneno hayo ndiyo yaliyotufanya tushike kalamu.

Kwanza tukiri yaliyo kweli, kwani si uadilifu kumlaumu mtu kana kwamba ughali ni hadithi aliyoitunga yeye. Mwaka 2022 pakiti ya unga wa mahindi ya kilo mbili ilipita shilingi 200. Katika mwezi wa Oktoba wa mwaka huo bei za vitu kwa jumla, kwa hisabu ya serikali, zilikuwa zimepanda kwa asilimia 9.6 kuliko mwaka uliotangulia. Mwezi wa Julai 2023 kodi ya ongezeko la thamani juu ya mafuta ilitolewa asilimia 8 ikawekwa 16, na ilipofika Septemba petroli ilikuwa imepita shilingi 200 kwa lita. Na mafuta yakipanda, hupanda nauli ya matatu na ya tuktuk, hupanda nazi itokayo Kwale na mboga zishukazo Kongowea. Mwanzo wa mwaka 2024 dola moja ilinunuliwa kwa shilingi 160 hivi, na sisi watu wa pwani mchele wetu mwingi na mafuta yetu ya kupikia yatoka ng'ambo. Mwenye mshahara naye alikatwa kabla hajaushika: asilimia 1.5 ya nyumba za serikali tangu 2023, na asilimia 2.75 ya bima ya afya tangu Oktoba 2024. Mwenye kuandikiwa 40,000 hutoa kwa mambo mawili hayo peke yake shilingi 1,700 kila mwezi.

Ni kweli kwamba kasi ya kupanda kwa bei ilipungua sana katika mwaka 2024, na shilingi ikapata nguvu ikarudi kwenye 130 hivi kwa dola. Lakini wengi wetu tulipoyasikia hayo katika redio tulidhani kuwa bei zitarudi zilikokuwa, tukashangaa dukani. Kupungua kwa kasi si kurudi nyuma. Mtu aliyekuwa akipanda ngazi mbio, akaanza kuipanda polepole, bado yu juu.

Basi dhiki ipo, hatuikanushi. Linalotuhusu ni hili: dhiki hiyo ni ya nani?

Mdeni husema, "Maisha yamepanda," kana kwamba yamepanda katika nyumba yake tu. Yule mchuuzi wa samaki naye hula unga ule ule. Petroli iliyompandishia mdeni nauli ndiyo iendayo katika mashine ya mashua inayomletea yeye samaki, na stima iliyomlemea mdeni ndiyo igandishayo barafu anayoinunua. Ughali, basi, ni hoja ya wote wawili, na hoja iliyo ya wote wawili haiwezi kumhukumia mmoja dhidi ya mwenziwe. Akisimama mdeni mbele ya kadhi akasema, "Bei zimepanda," na mdai akasimama akasema hayo hayo, kadhi amebaki pale pale alipokuwa: huyu alitoa, na yule alipokea.

Tena liko jambo ambalo wengi hawalitazami. Shilingi 60,000 za mwanzo wa 2022 si shilingi 60,000 za leo, ijapokuwa noti ni zile zile. Kwa fedha ile ya zamani yule mchuuzi angaliweza kununua magunia ya mchele ambayo leo hayapati kwa hisabu ile ile. Na sheria yetu haimruhusu kudai zaidi ya alichotoa. Maulamaa waliokusanyika katika Baraza la Fiqhi ya Kiislamu huko Kuwait mwaka 1988 waliamua kwamba deni la fedha hulipwa kwa mfano wake, yaani hisabu ile ile, wala si kwa thamani yake iliyobadilika. Uamuzi huo una hekima yake, kwani mlango wa "nilipe kwa thamani" ukifunguliwa, riba itaingia humo na kilemba kichwani. Lakini matokeo yake ni nini? Matokeo yake ni kwamba katika miaka ya ughali, kila mwezi anaouchelewesha mdeni humpunguzia mdai sehemu ya mali yake, kimya kimya, bila ya mtu kuona mkono ukiingia mfukoni. Mdai amekatazwa kujikinga kwa ziada. Kinga yake moja tu iliyobaki ni haraka ya mdeni. Kwa hivyo ughali, ambao tunaufanya kuwa udhuru wa kuchelewesha, kwa hakika ni sababu ya kuharakisha.

Na kwa mwenye kutaka kufanya wema wako mlango mwingine. Katika Hadithi iliyo sahihi, Mtume (s.a.w.) aliwahi kukopa ngamia mdogo, na wakati wa kulipa akatoa aliye bora kuliko yule, wala hakukuwa na sharti lo lote baina yao. Mtu akimaliza deni lake, kisha kwa hiari yake akampelekea mdai gunia la mchele kwa kutambua yaliyopita, huyo hakula riba wala hakulisha riba, maadamu halikuwa jambo la kuagana wala la kutarajiwa kwa desturi. Twataja hili kwa sababu tumesikia watu wakisema kwamba dini imewafunga mikono. Nao mkono huo hawajajaribu kuunyosha.

Sasa turudi kwa maneno ya yule mzee, kwani humo ndimo ulimo moyo wa jambo hili.

Tazama, ndugu msomaji, madeni ya nyumba moja ya hapa mjini na utazame yanavyolipwa. Stima huja kwa tokeni: hukulipa, hupati mwanga, basi stima hailaliwi hata siku moja. Mwenye nyumba hupiga hodi tarehe moja. Mkopo wa simu haungoji hata hodi. Mwenye kutumia Fuliza, kwa mfano, fedha yo yote iingiayo katika simu yake hukatwa deni kwanza, na yeye hupata kinachosalia. Wakopeshaji wengine wa simu walikuwa wakiwapigia mashemeji na mabosi wa mdeni kumwaibisha, hata Benki Kuu ya Kenya mwezi wa Machi 2022 ikatoa kanuni za kuwakataza vitisho na mambo ya namna hiyo. Wote hao hulipwa. Kisha wako wengine: mwenye duka la mtaani aliyeandika sukari na unga katika daftari, mama anayeuza mbaazi na mahamri, ambaye watoto wetu walichukua kwake asubuhi tatu "mpaka Ijumaa", fundi aliyetuwekea mabati, ndugu wa tumbo moja aliyetoa akiba yake, jirani mchuuzi wa samaki. Hao hawana mtambo wa kukata, wala hawana namba za mabosi wetu. Wana haya. Wakikutana nasi njiani hutuuliza hali za watoto, na wengine hufika hadi ya kupita njia nyingine ili sisi tusione aibu. Na hao ndio tusiowalipa.

Twawalipa watu, basi, kwa kadiri ya ukali wao. Aliye mkali hupata haki yake na zaidi ya haki yake, na aliye mpole hulipwa kwa salamu. Huu si utaratibu wa haki. Huu ni utaratibu wa hofu. Na ubaya wake hauishi kwa yule mmoja aliyecheleweshewa. Tunaufundisha mji mzima kwamba upole ni hasara. Mchuuzi aliyeumwa mara mbili hatakopesha mara ya tatu, na siku mama wa mtu mwingine atakapougua usiku, mtu huyo atabisha hodi katika mlango uliofungwa na sisi. Atabakiwa na simu yake, na mkopo wenye ada. Kisha sisi sisi tutakaa barazani tusikitike kwamba watu wa siku hizi hawana huruma kama wazee wetu.

Hapa ndugu yetu alitujibu, na jibu lake lina akili, si la kupuuzwa. Alisema: "Deni la simu linakua, na la jirani halikui. Je, si busara kuuzima kwanza moto unaoenea?" Twamwambia kwamba ni busara, ikiwa ataumwagia maji mara moja ukazimika. Lakini yeye hauzimi. Yeye huupunguza tarehe moja na kuuwasha tena tarehe kumi. Mkopo wa M-Shwari ulipoanzishwa mwaka 2012 ada yake ilikuwa asilimia 7.5 kwa siku thelathini. Ada hiyo ikisikika hivi, mtu huiona kuwa ni ndogo. Na tufanye hisabu: mwenye kukopa 5,000 kwa ada kama hiyo hutoa 375, akilipa na kukopa tena kila mwezi, kwa mwaka ametoa 4,500, na zile 5,000 bado anadaiwa. Yule jirani hakuomba hata shilingi moja ya faida, naye katika mwaka ule ule hakupata kitu. Shilingi 4,500 hizo zilitoka katika haki ya nani?

Na wala tusidanganyike kwa jina la "ada". Watu wa pwani hii si wageni wa kuvisha riba kanzu. Katika karne ya 19, Unguja na Mombasa, ilikuwapo bei ya khiyari: mtu humwuzia mwenye fedha nyumba au shamba lake kwa sharti ya kulikomboa baadaye, kisha muuzaji hubaki ndani yake akilipa kodi. Katika karatasi palikuwa na mauzo na palikuwa na kodi. Kwa hakika palikuwa na mkopo na faida yake, na wengi hawakukomboa kitu, mashamba yakaenda. Waliyaandika makadhi na mashahidi wakatia saini. Leo karatasi imekuwa kioo cha simu na mashamba hatunayo tena ya kuweka, ila mshahara wa mwezi ujao.

Tumefika penye swali gumu zaidi: haki ya mdai na haki ya mtoto mwenye njaa zikigongana, ipi itangulie? Wako wanaosema deni kabla ya kila kitu, hata mtu alale na njaa na watu wake. Hayo ni maneno ya ukali yasiyo na asili. Mwenye kusoma Minhaji ya Imam Nawawi, ambayo ndiyo tegemeo la madarasa yetu ya Kishafii, ataona katika mlango wa aliyefilisika kwamba hata mtu ambaye kadhi amemzuilia mali yake ili wadai wagawiwe, nafaka yake na ya wale anaowajibika kuwalisha huendelea mpaka siku ya kugawa, na huachiwa nguo zake na chakula cha siku hiyo. Mtoto hula kwanza. Mama mgonjwa hupata dawa kwanza. Hilo halina mjadala.

Lakini tazama tena katika mlango ule ule. Anayeachiwa chakula na nguo, hauzuiliki uuzwaji wa nyumba yake wala kilichomo. Fuqaha hawakuyatazama mazoea ya mtu na cheo alichojipa, wameitazama haja. Hapa ndipo tunapojidanganya sisi. Neno "bili za nyumbani" limekuwa kapu kubwa: humo mna unga, mna maji ya mikokoteni, mna dawa ya mama, na chini yake tumefunika televisheni ya kulipia, simu ya pili, kitambaa cha Idd kwa watu wanane, na mchango wa harusi ya binamu ambao twautoa kwa sababu majina husomwa. Mtu huliinua kapu zima na kusema, "Hii ni nafaka." Tulimwomba ndugu yetu atupe hisabu yake ya mwezi mmoja. Hatukuitaka ili tumwaibishe, na hapa hatutaiandika. Yatosha kusema kwamba alipoitazama yeye mwenyewe alicheka, kisha akanyamaza.

Lipo zito zaidi katika kitabu hicho hicho, na wachache hupenda kulisikia. Imam Nawawi ameona kuwa rai iliyo sahihi zaidi ni kwamba ni haramu kwa mtu kutoa sadaka kwa kitu anachokihitaji kwa nafaka ya watu wake, au kwa kulipa deni ambalo hana tegemeo jingine la kulilipa. Sadaka! Jambo ambalo sote twalihimiza usiku na mchana. Ikiwa sadaka imezuiliwa kwa ajili ya haki ya mdai, itakuwaje karamu? Itakuwaje safari ya Umra inayolipwa kwa mafungu, na huku mwenye duka ana kurasa mbili za jina la msafiri? Hija yenyewe, iliyo nguzo ya dini, haimwajibikii mtu mpaka awe na fedha iliyozidi madeni yake. Hatusemi hivi kuwavunja moyo wanaoizuru Makka, Mungu awatakabalie. Lakini twajua kwamba mwenye kurudi na maji ya Zamzam humpelekea mwenye duka kichupa, na mwenye duka hushukuru kwa adabu, na daftari liko chini ya meza.

Katika wadai wapole hatujamtaja aliye mpole kuliko wote, naye yumo ndani ya nyumba. Mahari aliyoahidiwa mke na asipewe ni deni juu ya mume, kama deni lo lote jingine, na mume akifa hutolewa katika mali yake kabla ya warithi kugawana. Ni wangapi kati yetu tuliooa kwa mahari ya kuahirishwa, na tangu siku ya nikahi tusiyataje tena? Na katika miaka hii ya dhiki limeongezeka jingine. Mke huvua bangili zake za dhahabu, zikauzwa ili kulipa kodi ya nyumba au karo. Kodi na karo ni juu ya mume; dhahabu ni mali ya mke, hapana mkono wa mume ndani yake. Kama alitoa kwa kumpa, na aseme mwenyewe kwa radhi yake, naye atapata thawabu zake. Kama hakusema, basi ni mkopo, na mume ni mdeni. Kunyamaza kwake, kwa sababu ya mapenzi au kwa sababu ya kuogopa maneno ya mawifi, hakufuti kitu. Tulipoyasoma haya katika darasa, upande wa pili wa pazia wanawake walikohoa. Na sisi twaliandika lilivyotokea.

Na wadai nao tuwaambie neno, ijapokuwa neno lao ni fupi. Aliyekiri kuwa ana dhiki na dhiki yake ikajulikana, si halali kumsumbua, na kumwongezea muhula ni faradhi wala si hisani. Kumsamehe kabisa ni bora zaidi. Lakini asiyeweza kusamehe asione haya kudai. Mtu mmoja alimdai Mtume (s.a.w.) kwa maneno makali, Masahaba wakataka kumrudi, naye akawazuia kwa sababu mwenye haki ana nafasi ya kusema. Basi mchuuzi wa samaki akidai haki yake kwa upole, kosa liko wapi? Kunyamaza miaka mitatu kumemdhuru yeye, na kumemdhuru mdeni vile vile, kwa kuwa kumemzoeza. Vile vile asikosee mtu kumfutia mdeni deni kisha akaliandika kuwa ni zaka aliyoitoa. Katika madhehebu yetu hilo halitoshi. Wadeni walioshindwa wamo katika watu wanane wa zaka, katika Suratut Tawba, aya ya 60, nao wapewe zaka mkononi, kisha wao wenyewe walipe. Twatamani kuona kamati zetu za misikiti, ambazo mwezi wa Ramadhani hugawa mchele na tende, zikitenga fungu la watu hawa. Kwani mtu mwenye deni aghlabu ana kanzu safi, na katika safu ya mchele haonekani.

Katika siku za mwanzo za Madina, ikiletwa maiti Mtume (s.a.w.) aliuliza kama marehemu ana deni. Mara moja aliambiwa kuwa lipo, nalo ni dinari chache, na hakuacha cha kulilipa, akawaambia watu wamsalie wao. Mpaka Abu Qatada alipojitwika deni lile, ndipo aliposimama akamsalia. Baadaye, Mungu alipoufungulia umma mali, alikuwa yeye mwenyewe huyachukua madeni ya waliokufa bila ya kuacha kitu. Katika khabari mbili hizi twaona mambo mawili yanayokwenda pamoja. Deni lilihesabiwa kuwa zito hata la kiasi kidogo, wala mdeni hakuachwa peke yake nalo. Sisi tumeyatenganisha: kwetu deni ni jepesi, na mdeni yu peke yake.

Ndugu yetu hatukumwachia fatwa tukaondoka. Baada ya siku chache alikwenda kwa jirani yake pamoja na wawili katika sisi, kwa sababu miguu ilikuwa mizito kumpeleka. Tulidhani kutakuwa na maneno. Hapakuwa. Alimweleza pato lake na matumizi yake bila ya kuficha, akamwambia kwamba mkopo wa simu ataumaliza mwezi ule na hataurudia, na kwamba televisheni amekwisha kuikata. Wakaafikiana shilingi 2,500 kwa mwezi, ambazo kwa miezi kumi na minane zitatimia zile 45,000 zilizobaki. Yakaandikwa katika karatasi mbili na sisi tukashuhudia, kwani aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qurani, ya 282 katika Suratul Baqara, ni ya kuandika deni. Na hao wawili, kwa kupendana kwao, miaka mitatu iliyopita hawakuandika hata mstari.

Jirani alikuwa na ombi moja tu. Aliomba fungu lake liwe likimfikia tarehe tano, lisipite hapo, kwa kuwa tarehe saba ndiyo siku anayodaiwa fedha ya barafu, na mwenye barafu hangoji. Ndugu yetu alimtazama kitambo. Wamekaa nyumba mbili zilizogusana kuta tangu utotoni, na hakujua kwamba jirani naye ana tarehe anayoiogopa.